Umechanja homa ya ini B, umepima kinga, karatasi inasema Reactive: mwongozo kamili wa kusoma majibu

Mugonile wana Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe. Mwezi wa sita ulipoanza, baridi ile ya kukata vidole, nipo maabara asubuhi sijavua hata koti, anaingia dada mmoja katoka Igawilo na bajaji, karatasi kaikunja mara nne kama noti ya mwisho wa mwezi. Shikamoo, marahaba, akanipa karatasi hajasema neno. Nikaikunjua: HBsAb, Reactive, yaani pozitivu. Kumbe walienda kupima na mchumba wake kabla ya ndoa, shemeji mtu akaidaka karatasi, akaona neno Reactive, akatangaza ukumbini kwamba huyu binti ana homa ya ini, na mahari ikasimamishwa.

Nikamuuliza, dada, umewahi kuchanjwa? Akasema ndiyo, dozi zote tatu, mwaka jana chuoni. Nikamwambia sasa haya ndo majibu uliyochanjiwa ili uyapate.

Hii kesi sio ya kwanza na ndo maana naandika. Naongelea homa ya ini B maana ndo chanjo ambayo watu wengi huku kwetu wanapimwa kinga baada yake, manesi, wanafunzi wa vyuo vya afya, watu wa maabara, wanaosafiri kwenda kusoma nje. Chanjo nyingine ntazigusa mwishoni.

Jambo la kwanza kabisa: angalia herufi ya mwisho

Kabla hujasoma pozitivu wala negativu, soma JINA la kipimo. HBsAg na HBsAb zinatofautiana herufi moja tu, g na b, na hiyo herufi imeshavunja uchumba mwingi kuliko nyumba ndogo.

HBsAg ni antijeni, yaani kipande cha koti la kirusi chenyewe. Ikiwa pozitivu maana yake una virusi mwilini (kuna hali moja ya kudanganya, nitaisema). HBsAb ni antibodi, kinga ambayo mwili wako umeitengeneza dhidi ya lile koti. Kwenye karatasi nyingine wanaiandika anti-HBs, ni kitu kilekile. Kwahiyo hii ikiwa pozitivu unashangilia.

Kwanini chanjo inaleta hii b peke yake? Kwasababu ndani ya kichupa hakuna kirusi, kuna lile koti tu, tena chanjo nyingi zinatengenezewa kwenye hamira, ndugu wa hamira ya maandazi, imepewa maelekezo ya kutengeneza kipande cha koti. Teknolojia hiyo ipo tangu 1986. Mwili unaona koti, unatengeneza kinga ya koti, basi. Vitu vya ndani ya kirusi hauvijui. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Tafuta kadi

Najua, kadi iko kwenye begi lililobaki kwa shangazi Tukuyu na mvua ya kule imeshaifanya uji, lakini itafute. Unahitaji vitu vitatu: ulichanjwa chanjo gani, dozi ngapi, na tarehe ya dozi ya mwisho. Namba ya majibu bila tarehe haina maana, ni kama kuniambia gunia la viazi elfu themanini bila kuniambia ni msimu upi.

Mtu mzima ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, halafu ya tatu mwezi wa sita ukihesabu kutoka ile ya kwanza. Ukichelewa haurudii mwanzo, unaendelea pale ulipoishia, hili watu wengi wanadanganywa. Mimi ya tatu niliichoma mwezi wa tisa maana nilikuwa fildi Makete na barabara ilikuwa ile unayoijua.

Kama umezaliwa baada ya chanjo hii kuingia kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania, mwaka 2002, na mama yako hakuwa anakwepa kliniki, basi huenda ulishachanjwa ukiwa mchanga. Tangu 2009 imo ndani ya penta, ile chanjo moja ya magonjwa matano, siku hizi wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Muda wa kupima, hapa ndo wengi wanachemka

Muda sahihi ni mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya MWISHO. Sio baada ya dozi ya kwanza, sio wiki moja baada ya ya tatu, na sio miaka minane baadaye ukategemea kupata jibu lilelile.

Ukipima mapema sana namba inaweza kuwa ndogo kwasababu mwili bado unajenga. Alafu kuna ile hali ya kudanganya niliyosema: ukipima HBsAg ndani ya wiki tatu baada ya kuchomwa, kipimo kinaweza kulikamata lile koti la chanjo lenyewe linalozunguka kwenye damu na kuja pozitivu. Imeonekana hadi siku 18. Kwahiyo usichome chanjo Jumatatu ukaenda kuchangia damu salama Ijumaa, wao lazima wapime HBsAg, utajiletea presha ya bure. Kama imeshakutokea, subiri mwezi upite, rudia, na wataje tarehe ya chanjo.

Ukipima baada ya miaka mingi namba inakuwa imeshuka, na hiyo ni kawaida. Ntarudi hapo, maana yalinikuta.

Nani hasa anatakiwa kupima

Sio kila mtu. Kijana mzima wa afya anayelima parachichi zake Rungwe, akimaliza dozi tatu aende zake, kinga inashika kwa watu wazima wengi sana, tisa kati ya kumi hivi. Wanaotakiwa kupima ni wahudumu wa afya na wanafunzi wao, watu wanaosafishwa damu kwa figo, wanaoishi na VVU au wenye kinga dhaifu, mwenza wa mtu mwenye homa ya ini B, na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HBsAg. Wengine wote hiyo hela nunua mbolea.

Omba kipimo kwa jina, usiseme tu "nataka kupima homa ya ini"

Ukisema nataka kupima homa ya ini, sehemu nyingi watakupima HBsAg kwa kipimo cha haraka, itakuja negativu, utaondoka na furaha na bado hujui kama chanjo imeshika. Sema: nataka HBsAb ya namba, ya mashine. Wakisema hawana, waulize sampuli wanaipeleka wapi, Mbeya mjini na Iringa mjini sio shida kubwa, ukiwa Ludewa huko utalazimika kusafiri au kusubiri sampuli isafiri.

Kipimo cha haraka cha HBsAb kipo na bei yake rahisi, tatizo kinasema ndiyo au hapana tu. Kina kiwango chake cha chini cha kuona, na mwenye kinga kidogo anaweza kuambiwa hana.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwenye ile kaseti ya kipimo cha haraka yenye madirisha matano, HBsAg, HBsAb, HBeAg na HBeAb (antijeni nyingine ya kirusi na kinga yake), na HBcAb (nitaieleza mbele), maana watu wanaipiga picha na kurushiana WhatsApp wakijitafsiria wenyewe. Madirisha matatu ya mwanzo yanasomwa kawaida, mistari miwili ni pozitivu. Lakini mawili ya mwisho, HBeAb na HBcAb, kwenye kaseti nyingi yanasomwa KINYUME, mstari wa pili ukitokea ni negativu, ukikosekana ndo pozitivu. Kwahiyo mtu aliyechanjwa tu, hajawahi kuugua, kaseti yake itaonyesha mistari miwili kwenye madirisha matatu, na mtu asiyejua ataona kama kaoza ini lote. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kaseti ndo inaamua, na mtu wa maabara asome, usisome wewe na shemeji.

Sasa namba

Kipimo kitaandikwa mIU/mL, mashine nyingine IU/L, usihangaike kubadilisha, 10 ya huku ni 10 ya kule.

Chini ya 10, na umepima ndani ya ule mwezi mmoja hadi miwili: kinga haijashika ya kutosha.

10 kwenda juu, muda ukiwa sahihi: umelindwa. Huo ndo mstari unaotumika sehemu kubwa ya dunia. Uingereza kwa wahudumu wa afya wanapenda kuona 100, mtu akiwa kati ya 10 na 100 wanamwongeza dozi moja, kwahiyo kama unaomba kazi au shule kule na una 64 wakakuambia ongeza, usiwagombeze, sio kwamba maabara ya Mbeya ilikosea.

Zaidi ya 1000, au imeandikwa >1000: mashine imefika mwisho wa kuhesabu, imeshika vizuri sana. Ila tusipigane vijembe kwenye magrupu, mwenye 1000 na mwenye 80 wote wako ndani ya nyumba mvua ikinyesha. Na usilinganishe 85 ya mashine hii na 110 ya mashine ile ukasema kinga imepanda, mashine tofauti zinatofautiana.

Ukiwa na vipimo vitatu mkononi

Hapa ndo tunarudi kwenye lile koti. Kuna kipimo cha tatu, anti-HBc, au HBcAb, hiki ni kinga ya kitu cha NDANI ya kirusi. Chanjo haina vya ndani. Kwahiyo anti-HBc ikiwa pozitivu, kwa kawaida mwili wako uliwahi kukutana na kirusi chenyewe, sio chanjo.

Ukiona HBsAg negativu, anti-HBc negativu, HBsAb pozitivu, hiyo ni chanjo safi.

HBsAg negativu, anti-HBc pozitivu, HBsAb pozitivu: uliugua zamani, pengine ukiwa mtoto bila kujua, ukapona, una kinga ya asili. Kitu kimoja tu ukikumbuke, siku ukiandikiwa dawa za saratani au za kushusha kinga ya mwili mwambie daktari, maana kirusi kinaweza kuamka kutoka usingizini.

Zote negativu: hujachanjwa, au haikushika, au imeshuka na miaka.

anti-HBc pozitivu peke yake: hiyo usiitafsiri mtaani, inaweza kuwa kipimo kimekosea, inaweza kuwa uliugua zamani sana kinga ikafifia, inaweza kuwa kirusi kipo kidogo kimejificha. Nenda kwa daktari wa tumbo na ini.

HBsAg pozitivu, na sio zile wiki tatu za chanjo: una virusi. Chanjo haijakuletea, haiwezi, na pia haikutibu, kwa maana hiyo ilitakiwa upimwe kabla ya kuchanjwa. Ikiendelea kuwepo zaidi ya miezi sita inaitwa sugu. Sio mwisho wa maisha, kuna dawa kama tenofovir kwa wanaozihitaji, sio wote wanazihitaji, daktari ataangalia ini na wingi wa virusi. Mwenza na watoto wapimwe na wachanjwe. Na achana na mitishamba ya chupa za maji wanazouza stendi, ini linalopigana vita halitaki kuongezewa mzigo.

Namba ikija chini ya 10 ufanye nini

Kwanza usilie. Inatokea zaidi kwa waliovuka miaka 40, wanaume kuliko wanawake, wavuta sigara, wanene, wenye VVU, wagonjwa wa figo, na walevi wa kupindukia. Watu wananiulizaga kuhusu ulanzi, jamani, kikombe kimoja cha ulanzi siku ya chanjo hakiuwi chanjo, nasemea yule ambaye msimu mzima wa ulanzi hajulikani alipo.

Pili uliza ulichomwa wapi. Mtu mzima anachomwa kwenye msuli wa bega. Waliochomwa kwenye kalio, sindano inaishia kwenye mafuta, na kinga inashika vibaya. Tatu, chanjo ilitunzwaje. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na adui yake mkubwa ni kuganda, kuliko hata joto kidogo. Watu wanadhani kwa baridi letu hili chanjo iko salama popote, wakati kichupa kikigusana na barafu kikaganda usiku mmoja kinakuwa maji tu, na kwa macho hutajua.

Kinachofanyika: unarudia mzunguko mwingine, dozi tatu, alafu unapima tena mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya mwisho. Wengi mzunguko wa pili unawakubali. Ikigoma tena, pima HBsAg na anti-HBc, maana wengine chanjo inagoma kwasababu virusi walishakuwepo tangu zamani. Kama navyo ni negativu basi wewe ni wa wale ambao mwili haujibu, unaishi kwa tahadhari, na siku ukichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye HBsAg unatakiwa kupewa antibodi za kuchomwa moja kwa moja, zinaitwa HBIG, vizuri ndani ya saa 24. Sio kitu utakachokikuta kila duka la dawa Mwanjelwa, ndo maana inabidi ujue hali yako kabla.

Yangu mimi

Nilimaliza dozi 2015, sikupima kinga, ujana. Mwaka 2022 nikajichoma na sindano. Sehemu niliyoenda, siitaji, wakanipima kwa kipimo cha haraka, HBsAb negativu, wakaniambia chanjo ya mwanzo ilikuwa feki anza upya zote tatu. Nikakosa usingizi siku mbili, naangalia dari, nahesabu watoto wangu. Nikaenda kupima ya mashine: 6.8.

Daktari mmoja mzee akaniuliza swali moja tu, hiyo ni miaka mingapi tangu dozi ya mwisho? Saba. Akasema hiyo 6.8 haisemi chanjo ilikuwa feki. Antibodi ni askari wanaotembea barabarani, miaka ikipita wengi wanastaafu, lakini kumbukumbu inabaki kambini, na homa ya ini B inachukua wiki nyingi kabla haijaota mizizi, kambi ina muda wa kuamka. Shida yangu ilikuwa sikuwa na namba ya 2015, kwahiyo hakuna aliyeweza kujua kama niliwahi kuvuka 10. Kwa mtu wa kawaida wangeacha, ila mimi nashika damu kila siku. Mgonjwa akapimwa HBsAg, akawa negativu, ashukuriwe Mungu. Nikachomwa dozi moja tu ya kuamsha, mwezi mmoja baadaye nikapima kwenye mashine ileile: 540. Kambi ilikuwepo muda wote.

Ndo maana nasisitiza wahudumu wapime mara moja, kwa wakati, waandike namba kwenye kadi. Ukishavuka 10 siku hiyo na kinga yako ni nzima, hata ikishuka baadaye huhitaji kukimbizana na dozi. Tofauti ni wanaosafishwa damu, hao wanapimwa kila mwaka na wakishuka chini ya 10 wanaongezwa.

Watoto kwa kifupi

Mtoto wa mama mwenye HBsAg anapimwa HBsAg na HBsAb akiwa na miezi 9 hadi 12, baada ya kumaliza dozi. Kabla ya miezi 9 usiharakishe, unaweza kupima kinga za HBIG alizochomwa alipozaliwa ukadhani ni zake. Na anti-HBc usimpime kabisa umri huo, ya mama inaweza kukaa kwenye damu yake hadi miaka miwili.

Chanjo nyingine

Homa ya manjano, kwa wale wa Tunduma na safari zao, hakuna haja ya kupima kinga, kadi ya njano tangu Julai 2016 ni ya maisha, mtu akikuambia imeisha miaka kumi mwonyeshe hilo.

Kichaa cha mbwa, wanaofanya kazi na wanyama wanapimwa na mstari ni 0.5 IU/mL. Umeng'atwa na mbwa? Usipime kinga, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na ukimbilie chanjo.

Korona, kipimo cha antibodi za spaiki (ile miiba ya nje ya kirusi) kinaweza kuwa chanjo au ugonjwa, hakikutofautishii, isipokuwa wapime na za nyukliokapsidi (kitu cha ndani ya kirusi). Hizo chanjo ya Janssen hailetagi, ila Sinopharm inaweza kuleta maana ni kirusi kizima kilichouawa. Na hakuna namba moja inayosema hapa umelindwa, kwahiyo mimi sioni sababu ya kulipia.

La mwisho ni la Mbeya hasa. Kuna ndugu zetu walijitolea kwenye majaribio ya chanjo ya UKIMWI hapa mjini. Baadhi yao mwili ulitengeneza antibodi, na kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kuja pozitivu wakati hawana VVU hata kimoja. Ukiwa mmoja wao, kabla hujapima popote taja kwamba ulishiriki, na uombe kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Yule dada wa Igawilo nilimzungushia duara ile herufi b kwa kalamu nyekundu, akaondoka. Wiki iliyofuata karudi, kaja na shemeji mwenyewe, kavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Tukampima yeye. HBsAg negativu, HBsAb negativu, hajawahi kuchanjwa hata siku moja. Nikamwambia shemeji, kwenye ukoo mzima wewe ndo huna kinga. Kachoma ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili Julai, ya tatu Desemba, na nyuma ya kadi nimemwandikia kwa herufi kubwa: KUPIMA MWISHO WA JANUARI, HBsAb, yenye b.